Je, Wajua? Pombe Inapovuka Mpaka wa Starehe

Je, wajua kwamba anayemaliza chupa nyingi bila kuyumba ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kumwona daktari? Baa nzima humsifu: huyu pombe haimpati. Ukweli ni kwamba ubongo wake umekwisha kuzoea kufanya kazi ndani ya pombe, hivyo kiasi kilichokuwa kikimchangamsha mwaka jana leo hakimfanyi kitu. Kuzoea huko ni miongoni mwa dalili ambazo madaktari huzitafuta wanapochunguza utegemezi. Tena uliozoea ni ubongo. Ini, moyo na koo vinapokea sumu ileile, kwa wingi zaidi kuliko vya jirani yake anayelewa kwa chupa mbili.

Je, wajua chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe halisi? Katika dodoso la Shirika la Afya Duniani (WHO), gramu 10 huhesabiwa kuwa kinywaji kimoja, kwa hiyo chupa hiyo ni vinywaji viwili. Bapa la mililita 200 la pombe kali ya asilimia 35 lina gramu 55 hivi. Anayesema amekunywa bapa moja tu amekunywa karibu sawa na bia tatu.

Na bia tatu si kidogo. Kwa WHO, gramu 60 au zaidi katika kikao kimoja ni unywaji mzito. Wengi wetu tukiwa na chupa ya tatu mezani tunahesabu kwamba jioni ndiyo kwanza imeanza.

Je, wajua mnazi wa asubuhi na mnazi uleule jioni si kinywaji kimoja? Unaendelea kuchacha, na nguvu inapanda saa kwa saa. Ndivyo ilivyo kwa mbege, ulanzi na busaa. Hakuna lebo kwenye kata wala kwenye kibuyu, kwa hiyo mnywaji wa pombe ya kienyeji hawezi kujua amekunywa gramu ngapi hata akitaka kuhesabu.

Je, wajua ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa? Haliharakishwi. Supu ya moto, kahawa chungu na maji ya baridi vinaweza kumwamsha mtu, lakini havipunguzi pombe iliyomo kwenye damu. Dereva aliyeanza saa 2 usiku akamaliza bia tano ana gramu 100 za kusafisha. Ini lake likiwa jepesi atamaliza saa 12 asubuhi. Likiwa zito, saa 4. Abiria wa basi la alfajiri hawajui hesabu hiyo. Yeye anapaswa kuijua.

Je, wajua pombe iliwekwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988? Uamuzi huo ulitolewa na taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, na kundi hilo ndilo lenye tumbaku. Mwili ukivunja pombe hutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo huharibu vinasaba vya chembe hai. Saratani zinazohusika ni za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na titi. Januari 2023 WHO ilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kwa hiyo hatari na utegemezi ni mambo mawili tofauti, na hatari hutangulia. Mtu anaweza asiwe mtegemezi maisha yake yote na bado pombe ikamuua.

Je, wajua kunywa wikiendi tu si kinga? Mwaka 1978 madaktari wa Marekani walieleza hali ya moyo kupiga ovyo waliyoiona kwa watu waliotoka kunywa sana siku za mapumziko. Ongeza ajali, ugomvi na ngono isiyo salama, mambo ambayo hayasubiri mtu awe mtegemezi.

Je, wajua mwanamke na mwanamume wenye uzito sawa wakinywa sawasawa, damu ya mwanamke hubaki na pombe nyingi zaidi? Mwili wake una maji machache ya kuizimulia. Kwa mjamzito, pombe hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Ulemavu unaotokana nayo ulielezwa na daktari Paul Lemoine wa Ufaransa mwaka 1968, kisha na madaktari wa Marekani mwaka 1973. Hakuna miezi ya ujauzito ambayo pombe imeonekana kuwa salama, wala aina ya pombe iliyo salama. Ushauri wa kumpa mama mjamzito pombe ili aongeze damu hauna msingi wowote.

Je, wajua kunywa zaidi ya gramu 40 kwa siku, yaani zaidi ya bia mbili tu kila siku, kunahusishwa na hatari ya kuugua kifua kikuu karibu mara tatu? Kwa eneo letu la Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu na virusi vya UKIMWI vinatembea pamoja, hili lingestahili kuandikwa kwenye kila ukuta wa zahanati. Mnywaji mzito pia husahau dawa, na dawa zilizosahauliwa hujenga usugu.

Sasa, mpaka uko wapi?

Mwongozo wa magonjwa wa WHO ulioanza kutumika Januari 2022 unatazama mambo matatu. La kwanza ni kushindwa kujizuia: ulipanga mbili ukanywa saba, tena si mara moja. La pili ni pombe kupanda cheo, ikawa mbele ya ada ya mtoto, mbele ya kazi, mbele ya ibada, mbele ya afya yenyewe. La tatu ni mwili kuidai: unahitaji zaidi ili upate kilekile, au ukiikosa unaumwa. Yakitimia mawili, daktari anaweza kuuita utegemezi. Angalia vizuri: hakuna mahali palipoandikwa kulala mtaroni, wala kufukuzwa kazi. Wapo wategemezi wenye suti safi wanaofika ofisini kwa wakati.

Je, wajua maswali manne yanaweza kukufungua macho? Daktari John Ewing wa Marekani aliyachapisha mwaka 1984. Umewahi kuona inakupasa kupunguza pombe? Watu wamewahi kukukera kwa kukusema juu ya unywaji wako? Umewahi kujisikia vibaya au mwenye hatia kwa sababu ya kunywa? Umewahi kuanza asubuhi na pombe ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana? Ndiyo mbili zinatosha kukupeleka kwa mtaalamu. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee. Kuzimua kumegeuzwa mazoea, kuna hata vikundi vinavyokutana Jumapili asubuhi kwa ajili hiyo. Mwili unaotulia baada ya toti ya asubuhi unaonyesha kwamba ulikuwa tayari unaumwa kwa kuikosa.

Dodoso la WHO lina maswali 10 na alama 40. Alama 8 zinaashiria unywaji wa hatari. 20 na kuendelea zinataka uchunguzi wa utegemezi. Limefanyiwa majaribio kwa Kiswahili mjini Moshi, Tanzania, kwa majeruhi wanaofika hospitali.

Na hapa naomba msomaji asome taratibu, kwa sababu jambo hili linaua watu ambao tayari wameamua kubadilika. Je, wajua kuacha pombe ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko kuacha heroini ghafla? Pombe huongeza nguvu ya breki za ubongo. Anayekunywa kila siku, ubongo wake hujibu kwa kukanyaga mafuta zaidi ili uweze kwenda. Siku pombe inapoondoka, breki zimeachiwa na mguu bado uko kwenye mafuta. Kati ya saa 6 na 24 mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo hukimbia, usingizi hukimbia nao. Ndani ya saa 48 za mwanzo degedege linaweza kutokea hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wachache wao huweweseka: huona wadudu ukutani, husikia sauti, hupandwa na homa, hawajui walipo. Nyumbani ndugu wanaweza kudhani amerogwa au amepagawa, wakamfungia ndani au wakamkimbiza kwa mganga. Hiyo ni dharura ya hospitali, sawa na malaria kali. Bila matibabu mtu hufa. Akitibiwa mapema, wengi sana hupona.

Ndiyo maana mgonjwa aliyelazwa kwa mguu uliovunjika huanza kupigana na wauguzi siku ya tatu wodini. Hakuna aliyemuuliza anakunywa kiasi gani, naye hakusema. Tena kila mara mtu anapoacha kwa kishindo na kurudia, arosto inayofuata, yaani mateso ya kuikosa pombe, inaweza kuwa na nguvu kuliko iliyopita.

Hospitalini mgonjwa wa arosto hupewa dawa za kutuliza, mara nyingi diazepam, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Vitamini hiyo si nyongeza tu. Mnywaji mzito hula kidogo na utumbo wake huinyonya vibaya. Ikipungua sana, macho hucheza, miguu hukosa mhimili na akili huchanganyikiwa. Carl Wernicke alieleza hali hiyo mwaka 1881. Ikicheleweshwa, kumbukumbu inaweza kupotea moja kwa moja, mtu akawa hakumbuki alichoambiwa dakika tano zilizopita.

Je, wajua utegemezi ndio huwasukuma wengi kwenye pombe yenye sumu? Mwili unadai, mfuko ni mtupu, kinachobaki ni kikombe cha bei ya chini kabisa. Novemba 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100. Mei 2014 mikasa ya namna hiyo ilirudi Kenya katika kaunti kadhaa. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga. Methanoli hugeuzwa mwilini kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa fahamu wa jicho, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa 12 au zaidi. Anayeona ukungu siku iliyofuata asilale akisubiri ipite.

Je, wajua utafiti wa kitaifa wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulionyesha Wakenya zaidi ya milioni 3.1 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanakunywa pombe, na kati yao karibu milioni 1.36 wana tatizo la kiafya la matumizi yake? Ni kama wanne katika kila kumi wanaokunywa. Duniani, WHO inakadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019.

Je, wajua Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani vifuko vya pombe kali, kuanzia 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019? Naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Pombe kali inayouzwa kwa bei ya andazi na kuingia kwenye mfuko wa sare ya shule haikutengenezwa kwa ajili ya watu wazima peke yao. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuwa na uwezekano mara nne zaidi wa kuwa wategemezi kuliko walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi.

Je, wajua karibu nusu ya uwezekano wa kuwa mtegemezi hutokana na kurithi? Tafiti za mapacha zimelionyesha hilo. Mwenye baba au mama aliyesumbuliwa na pombe hajahukumiwa, ila ana sababu ya kuwa mwangalifu kuliko rafiki zake wa meza moja.

Je, wajua dawa zipo? Naltreksoni na akamprosati, zinazosaidia kupunguza hamu ya pombe na kuzuia kurudia, ziliingizwa na WHO mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu. Ipo pia disulfiramu, ambayo matumizi yake dhidi ya pombe yaligunduliwa Denmark miaka ya 1940; humfanya mtu augue akinywa pombe juu yake. Ndugu wasimwekee mtu dawa hiyo kwenye chakula kwa siri: shinikizo la damu linaweza kuporomoka na moyo ukasimama. Mazungumzo nayo ni tiba. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, umeandaliwa mpango wa muuguzi kuzungumza kwa muda mfupi na majeruhi wanaokunywa, ukapewa jina la Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Kenya namba ya bure ya NACADA ni 1192. Uganda hospitali ya Butabika ina kitengo cha walioathirika na pombe na dawa za kulevya.

Je, wajua mafuta yaliyojaa kwenye ini kwa sababu ya pombe yanaweza kuondoka ndani ya wiki chache baada ya kuacha? Ini lenye makovu halirudi hivyo, kwa hiyo wakati una maana.

Kama unakunywa bila mwili kudai, anza kwa kuhesabu gramu zako za wiki hii, kisha zipunguze. Lakini kama mikono yako hutetemeka asubuhi mpaka upate chupa, usijifungie chumbani kuacha peke yako. Nenda kituo cha afya leo ukiwa na mtu unayemwamini, na umwambie mhudumu kiasi halisi unachokunywa, bila kupunguza hata toti moja.