Majani ya Tereni Yakikauka, Tazama Kwanza Chini



Mvua ikirudi huku Kabambare mwezi wa 9, sisi wote tunangojea majani ya tereni ya mpira na ya mbele ya madarasa yawe mabichi tena. Lakini pahali pengine yanabaki makavu. Mmoja anasema ni jua. Mwingine anasema ni wadogo zetu wa madarasa ya chini wanaokanyaga. Mwingine anataka tuchome moto. Kumbe mara nyingi ni wadudu, na kila mdudu iko na alama yake. Tupime hivi:

1. Shika majani makavu, uvute. Yakishika sana udongoni, na hakuna pahali palipoliwa, ni jua ao miguu ya watu. Mvua itayaponyesha.

2. Yakitoka bila nguvu, kama mkeka unaokunjwa, mizizi imeliwa. Chimba kidogo tu: utaona funza weupe wenye kichwa cha rangi ya kahawia, wamejikunja. Hao ni watoto wa mbawakawa.

3. Ukiona udongo mwembamba umefunika majani, sawa vijia vidogo, hao ni mchwa. Wanapenda majani makavu, kwa hiyo tunawaona zaidi wakati wa kiangazi.

4. Majani yakiliwa kutoka juu, yakabaki mashina matupu, na chini kuna mavi madogo kama chembe za mchanga, ni viwavi. Ndege wengi wakishuka kila asubuhi pahali pamoja, nenda ukatazame.

Viwavi vingine hujificha mchana. Ili kuviona, tia vijiko 2 vya sabuni ndani ya maji lita 4, mwaga pahali pa metre moja kila upande, ungoje dakika 10. Vitapanda juu vyenyewe.

Juu ya nini tuhangaike kwa sababu ya majani ya kuchezea mpira? Juu majani haya, mahindi, mpunga na miwa, yote ni ya ukoo mmoja. Kiwavi kinachokula tereni leo kinaweza kula shamba kesho. Kuna kiwavi jeshi cha Afrika: vikiwa vingi pamoja, vinageuka vyeusi na kutembea sawa jeshi kweli. Kuna tena kile kilichotoka bara la Amerika. Kilionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, kisha kikaingia Kongo yetu. Hiki kina madoa 4 meusi karibu na mkia, yamepangwa kama miguu ya meza. Na wengi wetu tunajua: mahindi na mpunga wa wazazi ndiyo minervali yetu.

Tufanye nini sasa?

Kwanza, hapana kuchoma. Kiwavi kinakula majani, mizizi inabaki hai, na mvua inaotesha tena. Moto unaacha udongo wazi, mvua inaubeba.

Pili, hapana kumwaga dawa ya wadudu tusiyoijua. Maji ya mvua yataipeleka kwenye kijito tunapochota, na kuku watakaokula wadudu wale wanaweza kufa.

Tatu, tusikate majani mpaka udongoni. Tuache urefu wa vidole vitatu, mizizi ipate nguvu.

Nne, tuwahi. Kiwavi kinaishi karibu wiki 2 ao 3 kabla ya kuingia udongoni kugeuka kipepeo cha usiku, na karibu chakula chake chote kinakila siku za mwisho. Kikingali kidogo, kukiokota ni kazi nyepesi. Kuku nao watasaidia, wanapenda sana funza na viwavi.

Tano, vikianza kutembea kuelekea shamba, tuchimbe mfereji wenye kuta za kusimama wima kati ya tereni na mahindi. Vitaanguka ndani, na humo tutaviua.

Basi, siku ya salongo, mbele ya kushika kupekupe, kila darasa lipige magoti kwanza upande wake, livute majani na kutazama chini. Atakayeona alama moja kati ya hizi amwambie mwalimu siku ileile, asingoje juma lingine. Na mukienda likizo, mufundishe wadogo wenu alama hizi nne kandokando ya shamba la nyumbani.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho