Mjumbe wa Tumbo na Dawa ya Pamba

Nyarugusu, mkoani Geita, hujulikana mbali kwa dhahabu yake. Lakini katika mkoa huo, na Shinyanga pia, pamba ni zao la miaka mingi, na dawa ya wadudu hukaa katika nyumba nyingi. Kwa hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi dawa hiyo inavyoweza kuliharibu tumbo.

Mfuko wa chakula umeumbwa kwa misuli. Baada ya kula, misuli hiyo hujikaza na kulegea, kadiri ya mara 3 kwa dakika, hata chakula kilainike. Nguvu yake huongezwa na mishipa ya fahamu. Nayo haitumi amri ila kwa mjumbe, kemikali iitwayo asetilikolini. Mjumbe huyo huingia penye msuli kama ufunguo katika kufuli, madini ya kalisi huzidi ndani ya msuli, nao hujikaza. Mwaka 1921, Otto Loewi wa Graz, Austria, alionyesha kwa mioyo ya vyura kwamba mishipa ya fahamu husema kwa kemikali. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel.

Amri ikishatimizwa, hapana budi mjumbe aondolewe. Kazi hiyo ni ya kimeng'enya kimvunjacho mara moja. Basi dawa nyingi za wadudu, hasa za jamii ya oganofosfati, hukifunga kimeng'enya hicho. Wajumbe hurundikana, na misuli haipati kupumzika: tumbo husokota, mtu hutapika na kuharisha, mate na jasho humtoka, mboni za macho huwa ndogo, na pumzi yaweza kukatika.

Hapo ndipo penye hatari, maana mwanzo wake hufanana na ugonjwa wa chakula kibovu. Mkulima akirudi shambani hali hii, au mtoto akiugua ghafula, ulizeni kwanza habari ya dawa. Mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, msimlazimishe kutapika, mkamfikishe hospitali upesi pamoja na chupa ya dawa. Mganga anayo atropini, ambayo huziba kufuli ili mjumbe asiingie.

Lakini kinga ni bora. Dawa isitiwe katika chupa ya soda, wala chombo chake kisichotewe maji, hata kikioshwa mara saba.