Kibaraza cha Wakfu na Usiku wa Mji Mkongwe

Jua linapotua Unguja, na adhana ya Magharibi ikapokezana kutoka msikiti hadi msikiti, Bustani ya Forodhani hubadilika sura. Meza hupangwa, taa huwashwa, makaa hupepewa, na moshi wa mishkaki ukapanda juu ya bahari. Hapa pweza na ngisi, pale miwa ikisagwa pamoja na ndimu na tangawizi, kando kidogo kijana akikunjua donge la unga hadi liwe jembamba kama karatasi, alifungie nyama ya kusaga na yai. Chakula hicho wageni wamezoea kukiita pizza ya Kizanzibari. Watoto hujirusha majini kutoka ukutani, na familia kutoka Ng'ambo hutandika mikeka yao ubavuni mwa watalii waliofika mchana huo huo.

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1936, katika kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub. Ikachakaa, ikafanyiwa matengenezo makubwa, na kufunguliwa upya mwaka 2009. Kabla ya hapo, mwaka 2000, Mji Mkongwe wote ulikuwa umeingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tangu wakati huo wageni wamezidi kumiminika, na nyumba nyingi zilizokuwa za ukoo mmoja sasa ni hoteli na mikahawa.

Ndugu msomaji, tusije tukadhani kwamba usiku wa mji huu umeletwa na watalii. Mji Mkongwe haujapata kuwa mji wa kulala mapema. Klabu ya tarabu ya Akhwan Safaa iliasisiwa mwaka 1905. Maulidi ya homu ya Mtendeni yamewakesha babu zetu kwa safu zao za vijana wanaoinama na kuinuka kwa pamoja kama mawimbi. Katika mwezi wa Ramadhani, mji ulionyamaza mchana kutwa huamka baada ya tarawehe. Sikukuu ya Idi kwetu husherehekewa siku nne, na jioni zake zote watoto wenye nguo mpya huujaza uwanja wa Mnazi Mmoja. Juu ya hayo yameongezeka ya sasa: tamasha la filamu tangu mwaka 1998, na tangu mwaka 2004 tamasha la muziki la Sauti za Busara, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiijaza Ngome Kongwe mwezi wa Februari.

Swali linalotukabili, basi, si kama usiku uwepo au usiwepo. Swali ni hili: usiku huo ni wa nani? Sisi wa kamati ya msikiti mmoja mdogo wa mtaani tulilazimika kulijibu, na jibu letu lilikuwa na gharama.

Amana tuliyoikuta

Mji Mkongwe umesimama juu ya wakfu. Nyumba na maduka mengi yaliwekwa na wenyewe kwa ajili ya misikiti, madrasa na maskini. Asili ya jambo hili inajulikana: Umar bin Al-Khattab (R.A.) alipopata ardhi Khaybar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na kuyatoa sadaka mazao yake, isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi.

Msikiti wetu una duka moja la wakfu, lililo ubavuni mwake, na mbele ya duka hilo pana kibaraza kirefu cha mawe. Duka lina mutawalli wake, ambaye hushauriana na kamati. Kodi yake ndiyo hulipa umeme, maji ya udhu na posho ya mwalimu wa madrasa. Mpangaji wa zamani alipohama, duka likabaki tupu, na wakati huo huo mafundi wakatuonyesha boriti za paa la msikiti zilizooza. Katika mji wa hifadhi paa hutengenezwa kwa boriti na chokaa, wala si kwa kupigilia bati, na makadirio ya mafundi yalitutia baridi.

Mwombaji wa kwanza alitaka kufungua baa. Huyo hakutuchukulia hata muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Tulimshukuru, tukamwambia kwamba mali ya Mwenyezi Mungu haitumiki hivyo, akaenda zake.

Mwombaji wa pili ndiye aliyetupa mtihani. Alikuwa Muislamu, kijana mwenye adabu, tuliyekuwa tukimwona katika swala ya Ijumaa. Alitaka kufungua mkahawa wa halali mtupu, bila pombe na bila ngoma, na alikuwa tayari kulipa mara tatu ya kodi ya mpangaji wa zamani. Alikuwa na masharti mawili. Kwanza, kibaraza kiwe chake kuanzia Alasiri hadi usiku wa manane, apange meza za wageni, na muuza kahawa atafute mahali pengine. Pili, watoto wa madrasa, ambao hutoka baada ya Isha, watumie mlango wa nyuma, ili wateja wake wapate utulivu.

Kikao cha baada ya Isha

Tulikaa kikao. Mshika fedha alizisoma hesabu zake: kwa kodi hiyo, paa lingekamilika kabla ya masika ya pili. Sisi vijana wa kamati, mwandishi wa kumbukumbu akiwemo, tuliegemea upande wake. Hapakuwa na haramu yoyote, hivyo tuliona kuikataa riziki ya halali ni kumdhulumu mnufaika wa wakfu, ambaye ni msikiti wenyewe.

Mzee mmoja, ambaye amekuwa akikikalia kibaraza hicho tangu tukiwa hatujazaliwa, aliomba kusema. Alituuliza: mtu akifa mtaani usiku, habari huanzia wapi? Tukajibu: kibarazani. Ufunguo wa akiba wa msikiti huwa kwa nani? Kwa muuza kahawa. Mgeni asiyejulikana akiingia uchochoroni, nani humsalimia kwanza na kumtambua? Wazee walioko kibarazani. Kisha akasema, "Mkahawa utafunga saa sita, na mwenyewe atakwenda kulala kwake. Nyinyi mtabaki na nani?"

Mshika fedha naye hakunyamaza. Alimwambia mzee kwa heshima kwamba kibaraza hakizuii mvua, na kwamba boriti ikianguka juu ya wanaoswali, hakuna atakayeuliza habari za kahawa. Maneno yake pia yalikuwa ya kweli, na hakuna aliyethubutu kuyapuuza.

Ndipo tukakumbuka kwamba wenye watoto hatujawauliza. Tuliahirisha kikao, tukatuma salamu kwa akina mama wa madrasa. Jibu lao lilikuwa fupi: mlango wa nyuma unatokea kwenye uchochoro usio na taa, na mabinti zao hawatapita huko usiku. Wakilazimishwa, watawaondoa madrasa.

Tulimrudia kijana yule na shauri la kati: achukue duka na nusu ya kibaraza, muuza kahawa abaki, na watoto wapite mbele kama kawaida. Alilipima kwa siku mbili, akatueleza kwamba biashara yake haitalipa kwa namna hiyo. Tuliagana kwa wema, na hadi leo tunasalimiana naye Ijumaa.

Tulichokipata na tulichokikosa

Duka sasa limekodishwa kwa akina mama watatu wa mtaa huu. Kila jioni huuza urojo, katlesi, mkate wa mofa na, usiku wa kuamkia Ijumaa, bokoboko. Wanalipa kidogo, lakini hawajachelewesha hata mwezi mmoja. Watalii pia hununua kwao. Hukaa kibarazani na bakuli zao kati ya wazee na dele la kahawa, na wengine huuliza maswali kuhusu dini na mji, ambayo wazee hufurahi kuyajibu.

Wala hatusemi kwamba yote yametengemaa. Kwa michango ya waumini tumelitengeneza paa upande mmoja tu. Upande wa pili unasubiri, na mvua ikishika kasi tunakunja busati na kutega mabeseni nyuma ya safu ya tatu. Wapo waumini wanaotulaumu kila wanapoyaona mabeseni hayo, na hatuna haki ya kuwakasirikia.

Tulichojifunza ni kwamba haramu iliyo wazi ni rahisi kuikataa. Kigumu ni kile cha halali ambacho, kikiongezwa juu ya vingine mia vya halali, kinauhamisha mtaa. Nyumba moja ikawa hoteli, hakuna kosa. Ya pili, ya kumi, hakuna kosa. Siku moja imamu akageuka kutoa salamu, akakuta nyuma yake nusu safu, ilhali nje taa zinawaka na watu wamejaa. Na vijana wetu wengi wanakula kwa kazi za mikahawa hiyo hiyo; kwa hiyo hatuwezi kuwaita wenye mikahawa maadui, wala si uadilifu kufanya hivyo.

Kwa kamati zenye mali za wakfu katika mitaa kama yetu, tunashauri yafuatayo. Masharti ya mkataba yaandikwe kabla ya kutaja bei, kwa kuwa fedha ikishatajwa masikio hupungua. Akina mama na vijana waulizwe mapema, si baada ya kikao kugawanyika kama ilivyotutokea. Mpangaji wa mtaani apewe nafasi ya kwanza. Na hesabu za wakfu zisomwe hadharani, ili anayelaumu alaumu akiwa na habari kamili.

Kwa wazazi tuna ombi jepesi zaidi. Watoeni watoto wenu jioni. Wapelekeni Forodhani baada ya Magharibi, wale, waione bahari, wajifunze kumsalimia mgeni na kuokota taka zao, kisha Isha iwakute msikitini. Watoto wasipoujua usiku wa mji wao pamoja na baba na mama, wataujua kupitia kwa wengine.

Upande wa pili wa paa unahitaji boriti na chokaa, na masika hayako mbali. Mwenye uwezo asisite, na asiye nao atuombee dua. Akipita mtaani kwetu jioni, nafasi kibarazani ipo.

Wabillahi tawfiq.