Kabla hujanunua betri nyingine, pima

Gari likigoma kuwaka asubuhi, hukumu hutoka hata boneti halijafunguliwa: betri imekufa. Jirani analeta nyaya, gari linabustiwa, na mwenye gari anapitia dukani kununua betri mpya. Baada ya wiki mbili nayo imelala. Hapo lawama zinahamia kwa muuzaji kwamba ameuza feki. Feki zipo, hakuna anayebisha. Ila mara nyingi duka halina kosa, na pengine hata ile betri ya kwanza haikuwa na kosa.

Betri isiyokaa na chaji ina sababu kuu tatu. Ama yenyewe imechoka, ama altaneta haiichaji inavyotakiwa, ama kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Dalili ni ileile kwa zote tatu, lakini tiba zinatofautiana, na kuna chombo kimoja tu cha kuzitenganisha: mita ya umeme. Mita ndogo ya kawaida hupatikana Kariakoo na kwenye maduka mengi ya vifaa vya umeme, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri.

Pima kwanza alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha na hujawasha kitu. Weka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Tazama jinsi namba hizo zilivyokaribiana: kati ya iliyojaa na iliyokwisha, tofauti haifiki volti moja. Ndiyo maana kuwaka kwa taa za dashibodi si ushahidi wa lolote.

Kisha washa injini, upime tena palepale. Kwa magari mengi mita inapaswa kupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, betri haipati chaji, na hata ukinunua mpya itakufa vilevile. Anza na vitu rahisi: mkanda wa altaneta umelegea? Fyuzi imeungua? Vichwa vya betri vimeota unga mweupe au wa kijani? Unga huo huoshwa kwa maji ya moto yenye baking soda. Ukivifungua, toa hasi kwanza, na ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Vikiwa safi na vimekaza lakini mita haipandi, ndipo altaneta ifunguliwe, zikaguliwe brashi, reguleta na dayodi. Mita ikivuka 15, reguleta ndiyo mtuhumiwa wa kwanza: betri inapikwa, inakausha maji na kunuka kama yai bovu.

Hapa pana mchezo wa gereji za mtaani ambao mwenye gari anapaswa kuukataa. Injini ikinguruma, fundi anachomoa kichwa cha betri. Gari lisipozima, anatangaza kuwa altaneta ni nzima. Kwa magari ya zamani yasiyo na kompyuta hatari yake ilikuwa ndogo. Kwa Vitz, IST au Noah, kuondoa betri ghafla kunaweza kurusha volti nyingi kwenye mfumo mzima na kuunguza kompyuta ya gari au altaneta yenyewe. Mita inatoa jibu lilelile bila kuhatarisha kitu.

Altaneta ikiwa nzima, tafuta mnyonyaji. Zima kila kitu, funga milango, toa kichwa cha hasi, kisha unganisha mita ikiwa kwenye ampia 10 kati ya kichwa hicho na nguzo ya hasi ya betri. Usijaribu kuwasha gari katika hali hiyo, fyuzi ya mita itaungua. Subiri nusu saa, maana kompyuta za gari huchelewa kulala. Kawaida gari lililozimwa hutumia chini ya ampia 0.05, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta. Ukiona 0.4, chomoa fyuzi mojamoja huku ukiitazama mita. Fyuzi itakayoishusha ghafla ndiyo ya saketi yenye tatizo. Mara nyingi utakuta ni redio, alamu au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa baadaye, au taa ya buti isiyozima. Taa hiyo ya wati 5 tu hula karibu ampia-saa 10 kwa siku. Kwa betri ya 45, siku mbili au tatu zinatosha gari kugoma. Ukimaliza fyuzi zote na namba haijashuka, rudi kwenye altaneta: dayodi mbovu huvujisha umeme usiku, na waya wake mkubwa mara nyingi haupiti kwenye fyuzi za ndani.

Altaneta ikiwa nzima na hakuna kinachovuja, sasa ishtaki betri. Ichaji ijae, iache usiku mzima bila kuunganishwa, kisha upime. Ikishuka chini ya 12.4, au ikianguka chini ya 9.6 wakati stata inazungusha injini, imechoka. Joto la Dar au Mombasa huizeesha upesi. Baridi ya Njombe huufichua uzee huo asubuhi moja. Unaponunua nyingine, soma namba zake. Kwenye 55D23L, 23 ni urefu kwa sentimita na L ni upande uliko chanya. Ukikosea herufi hiyo, nyaya huenda zisifike.

Usiitupe ovyo ile ya zamani. Ndani yake mna madini ya risasi, na wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliumizwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Kila betri nzima inayotupwa kwa kukisia inaongeza sumu hiyo bila sababu.

Kwa hiyo ukiambiwa betri imekufa, omba usomewe namba tatu: ya alfajiri, ya injini ikinguruma na ya umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Fundi asiyekuwa nazo hajalikagua gari lako, amebahatisha, na pesa anayobahatishia ni yako.