Asiye na Mwanga Huitwa Mwanga

Sisi watu wa pwani tunalo neno moja lenye sura mbili. Mwanga ni nuru itokayo katika taa. Na mwanga vilevile ni yule mtu atokaye usiku wa manane, uchi wa mnyama, kwenda kuwaroga majirani zake. Tangu utotoni nimelitumia neno hili kwa maana zote mbili bila ya kulitia akilini. Imenibidi nisafiri hadi Buyangu, huko Kakamega, nipande baiskeli kiza kimeshaingia, ndipo nikajua kwamba maana hizo mbili ni mahasimu. Ikifika moja, ya pili hutoroka.

Buyangu iko kilomita kama 20 kaskazini ya mji wa Kakamega. Unashuka katika barabara kuu iendayo Webuye, kisha unashika njia ya udongo mwekundu mwendo wa kilomita 2 hivi, mpaka kwenye lango la hifadhi. Mbele yako ni Msitu wa Kakamega, kipande cha mwisho upande wa mashariki cha ile misitu mikubwa iliyoenea kutoka Kongo. Sehemu hii ya kaskazini ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, na walinzi wake ni Shirika la Wanyamapori la Kenya. Kuna mbega weusi wenye mikia ya manyoya meupe, kuna miti ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia, na kuna Kilima cha Buyangu ambacho ukikipanda unaliona dari la msitu limetandikwa kama zulia mpaka kwenye miteremko ya Nandi.

Mimi sikwenda kwa ajili ya baiskeli. Nilikwenda kusikiliza isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiandika miongoni mwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Lakini mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, ana kijana wa kiume ambaye kila jioni ya Ijumaa hutoka na wenziwe watatu kupanda baiskeli za milimani usiku. Siku ya pili ya ugeni wangu kijana akanijia barazani.

"Mzee, leo twende pamoja. Baiskeli ya ziada ipo."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi usiku sipandi baiskeli."

Akadhani ni uzee. Baba yake akacheka, akasema mgeni wetu ni mtu wa bahari, hajazoea milima. Nikanyamaza. Ukweli wake ulikuwa mwingine, nami nitausema hapa kwa kuwa sikuusema pale.

Neno kesho

Nilikuwa na ndugu yangu, mtoto wa khalati yangu. Tulisoma chuo kimoja, tukala sinia moja. Alipokuwa kijana alikuwa na baiskeli nzito ya chuma, ile ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba, yenye dinamo ya kusuguana na tairi. Siku moja globu ya taa ilikufa. Akanijia: "Kaka, nipe shilingi kidogo nikanunue globu." Fedha nilikuwa nazo mfukoni. Nikamwambia, "Kesho, inshallah." Usiku ule alirudi kutoka shambani bila taa, na gari likamgonga katika barabara ya Malindi. Dereva alisimama, akalia kama mtoto mdogo. Akasema hakumwona. Nami naamini alisema kweli, maana hapakuwa na kitu cha kuona.

Miaka zaidi ya 30 imepita. Tangu siku ile jua likishatua sigusi usukani.

Basi kijana hakunishurutisha. Aliniambia tu, "Mzee, njoo uzitazame taa zetu." Nikaenda kutazama. Na mwenye kutazama ameshatia mguu mmoja ndani.

Taa mbili, si moja

Nilichokiona ni hiki. Kila baiskeli ina taa mbili za mbele na moja nyekundu nyuma. Ya kwanza hufungwa kwenye usukani, na ya pili hufungwa juu ya kofia ngumu ya kichwani. Nikauliza, mbili za nini? Kijana akanieleza kwa adabu, kama mwalimu wa chuoni anayemfunza mtoto alifu kwa ujiti.

Taa ya usukani, alisema, hufuata gurudumu. Kwa kuwa iko chini, hulaza kivuli nyuma ya kila jiwe na kila mzizi, na kivuli hicho ndicho kinachokujulisha kwamba pana kitu kimesimama. Taa ya kichwa hufuata jicho. Njia ikipinda kulia, usukani bado unaelekea mbele, lakini kichwa chako kimeshageuka, na nuru imekutangulia kwenye kona. Ukiwa na ya kichwa peke yake, nuru na jicho viko mahali pamoja, vivuli vyote hujificha nyuma ya vitu, na ardhi yote huonekana tambarare kama meza. Hapo ndipo watu huanguka. Tena taa ni kitu cha betri: moja ikizimika katikati ya mteremko, ya pili hukufikisha nyumbani.

Taa zenyewe ni za LED, na huchajiwa kama simu. Kwa njia ya kijijini, lumeni 300 au 500 zatosha. Anayeteremka milimani kwa kasi hutaka 800 na zaidi. Nikaikumbuka dinamo ya zamani, ambayo ilikuwa na hila moja mbaya: ukisimama, nayo huzimika. Ilikuacha gizani katika saa ile ile unayohitaji kuonekana.

Kesho yake nilikwenda mjini Kakamega nikanunua taa zangu mwenyewe, mbili za mbele na moja ya nyuma. Sikujiahidi kwamba nitazitumia.

Mchezo wa chuma kikuukuu

Wako watakaosema, hii ni anasa ya Wazungu. Ni kweli kwamba mchezo huu ulianzia Marekani. Vijana wa California walichukua baiskeli kuukuu, nzito, zenye matairi manene, wakawa wanashindana kuteremka karibu na Mlima Tamalpais. Mwaka 1976 walianza mashindano waliyoyaita Repack. Jina hilo lilitokana na breki zao za kitovu cha gurudumu: zilipata moto hata grisi ikaungua, na baada ya kuteremka ilibidi kuzijaza grisi upya. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo ukaingia Olimpiki kule Atlanta. Na wakati huo walikuwapo wengine walioshindana kwa saa 24 mfululizo, mchana na usiku, na hapo taa ikawa sehemu ya mchezo.

Lakini chuma kikuukuu katika njia ya udongo si kitu kigeni huku magharibi ya Kenya. Boda boda ilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, vijana wakivusha abiria kwa baiskeli baina ya Kenya na Uganda. Kabla ya pikipiki kujaa, wajawazito, wagonjwa, magunia ya mahindi na majeneza vyote vilipita usiku juu ya baiskeli, njia za matope, na mara nyingi bila ya taa. Mwalimu mwenyeji wangu aliniambia kwamba yeye mwenyewe alizaliwa baada ya mama yake kupelekwa hospitali kwa baiskeli usiku wa mvua. Vijana wake leo wanaucheza ule uliokuwa mzigo wa babu zao. Sioni ubaya. Hata ngalawa ilikuwa kazi kabla ya kuwa mashindano.

Kwanza omba ruhusa

Jambo la pili nililojifunza halina uhusiano na betri. Ndani ya hifadhi mtu haingii usiku apendavyo: lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na atakaye kuuona msitu usiku hufanya mpango na wenyewe, akafuatana na askari wa wanyama. Vijana hawa hupita nje, katika njia zilizo baina ya miwa na miti. Hata huko nje, kabla ya kuanza, walikwenda kwa mzee wa mtaa wakamweleza siku zao, saa zao na njia yao.

Nikauliza, kwa nini? Mwalimu akanijibu kwa sauti ya chini. Katika nchi ya Waluhya, kama kwetu pwani, wako watu wanaosemwa kwamba hukimbia usiku, hutupa mawe juu ya mabati na kutikisa milango ya wenziwao. Anayeonekana akipita gizani mbio, bila taa, bila salamu, huwa hana wa kumtetea. Watu wamepigwa kwa dhana hiyo, na wengine wameuawa. Kwa hiyo taa ya baiskeli hapa ina kazi mbili. Hukuonyesha njia wewe, na humwonyesha mwenye boma kwamba huna cha kuficha. Ukikutana na mtu, unaishusha nuru isimchome macho, unapunguza mwendo, unasema "Mulembe!" Naye akiitikia, usiku umekuwa salama kwa nyote wawili.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile neno letu. Asiye na mwanga huitwa mwanga.

Usiku wenyewe

Ijumaa ilipofika, mvua ya alasiri ilinyesha kama ilivyo desturi ya huko, kisha mbingu zikakunjuka. Jua huku huchelewa kutua kuliko kwetu. Magharibi huingia kama dakika 20 baada ya Mombasa. Nikasali, nikasoma ile dua ya kupanda chombo tuliyofunzwa tungali watoto, nikavaa kofia ngumu juu ya kichwa chenye mvi. Sikuwa na hakika ya miguu yangu.

Mchana ule kijana alikuwa amenipitisha njia ile ile mara mbili. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya anayeanza: usiende usiku mahali usipopajua mchana. Ya pili, usiende peke yako, na aliyebaki nyumbani ajue utarudi saa ngapi. Ya tatu, usiikimbie taa yako. Kama nuru inafika hatua 20, basi uwe na uwezo wa kusimama kabla ya hatua 20. Ya nne, tazama mbali, usilitazame gurudumu. Na baada ya mvua punguza pumzi kidogo katika matairi, yapate kuushika udongo.

Tulianza polepole. Nilikuwa nimeikaza mikono hata vidole vikafa ganzi. Kijana akapita ubavuni: "Mzee, legeza viwiko. Iache baiskeli icheze chini yako." Nikalegeza. Kiza cha msituni si kama kiza cha pwani, ambako bahari huwa na nuru yake. Kile kilikuwa kiza kizito, chenye vyura, chenye harufu ya majani yaliyooza. Nuru yangu ilikata tundu ndani yake, nami nikawa napita katika tundu hilo.

Mahali pamoja nilisimama kupumua. Nikaona mstari mweusi unang'aa njiani, nikadhani ni maji. Kijana akapiga kelele, "Mzee, siafu!" Nilikuwa nimewakanyaga. Ah! Mtunzi wa mashairi aliruka kama mcheza ngoma, akivua viatu na kukunja suruali, na vijana wanne wakicheka hata wakashika magoti. Nami nikacheka. Ni miaka mingi sijacheka usiku barabarani.

Kisha mmoja akatuambia tuzime taa zote, tukae kimya. Macho ya binadamu huhitaji kama nusu saa kuzoea kiza sawasawa, lakini hata baada ya dakika chache niliziona nyota juu ya njia, zimebanwa baina ya miti miwili. Tulipowasha tena, juu ya tawi palikuwa na macho mawili ya rangi ya shaba, yametulia. Wakasema ni poto, mnyama mdogo wa usiku aendaye polepole kama kinyonga. Alitutazama, akageuka, akaenda zake taratibu.

Tukiwa karibu kurudi, mtu alitokea mbele yetu akisukuma Black Mamba yenye gunia nyuma. Hakuwa na taa. Tukasalimiana. Akasema anaelekea barabara kuu, ana safari ya kufika sokoni alfajiri. Barabara ile, msomaji, ina malori ya miwa.

Nilishuka. Nikaifungua taa yangu ya nyuma, ile nyekundu, nikaifunga chini ya kiti chake, kisha nikamfungia ya usukani mbele. Mikono yangu ilitetemeka, na kijana akashika kurunzi nipate kuona skrubu. Yule bwana alishangaa, akasema, "Asante, mzee. Nitazirudisha kesho."

Nikamwambia asizirudishe.

Nilirudi na taa moja ya kichwa, vijana wawili mbele yangu na wawili nyuma, na nikageuka mara moja kutazama. Ile nukta nyekundu ilikuwa bado inaonekana, inapanda kilima polepole kuelekea lami. Mtu yeyote angeiona.

Nawaachia wasomaji ubeti mmoja:

Usiku si wa adui, kwa atembeaye wazi,
Mjinga huwa hajui, hupita bila kurunzi,
Na gari halibagui, mdogo wala mzazi,
Aliye na mwanga wake, mwanga hawezi kuitwa.