Wiki Moja Usambara: Mtalala Wapi?

Likizo imekaribia. Mko kikundi cha marafiki, mnapiga stori, mara mmoja anasema: "Kwanini tusizunguke Usambara wiki nzima?" Wote mnashangilia. Wazo ni zuri! Lakini kabla hamjabishana nani atabeba redio, jiulizeni swali moja: kila usiku mtalala wapi? Katika milima hii, jibu la swali hilo linaweza kuamua kama utarudi darasani mzima au utaishia wodini.

Kisiwa kisicho na bahari

Wengi hudhani kila mlima mrefu ulitokana na volkano, kama Kilimanjaro. Usambara sivyo. Hii ni miamba ya kale sana iliyonyanyuliwa pale ardhi ilipopasuka, huku sehemu za pembeni zikibaki chini. Ndiyo maana ukisimama Irente, karibu na Lushoto, unaona ukuta wa mawe unashuka ghafla mpaka tambarare. Juu kuna baridi na misitu, chini kuna joto na ukame. Ni kama kisiwa, ila badala ya bahari kimezungukwa na nyika. Tena kama ilivyo kwa visiwa vingi, kuna mimea na wanyama ambao hawapatikani kwingine duniani.

Mji wa Mombo, ulio kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, uko mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kama mita 1,400. Kati yake ni kilomita 33 tu za barabara ya kona kona. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo ndani ya saa moja na kidogo umehama kutoka hali ya hewa moja kwenda nyingine.

Mbu naye anahisi baridi

Je, unajua kwamba vijidudu vya malaria vinahitaji joto ili vikue ndani ya mbu? Kwenye joto la nyuzi 25, vijidudu vya malaria kali huchukua kama wiki mbili kukomaa. Joto likishuka hadi 18, vinaweza kuchukua wiki nane hivi, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Chini ya nyuzi 16 havikui kabisa. Hii ndiyo sababu malaria ni nyingi zaidi Mombo na Korogwe kuliko milimani.

Basi watu wa mlimani wana raha? Subiri kwanza. Mtu aliyekulia bondeni, ambako huumwa na mbu wenye malaria mara kwa mara, mwili wake hujenga kinga kiasi. Aliyekulia Lushoto, au popote penye malaria kidogo, hana kinga hiyo. Akilala bondeni usiku mmoja tu bila chandarua, anaweza kuumwa vibaya sana. Na usijidanganye kwamba juu hakuna malaria kabisa. Ipo, hasa baada ya mvua.

Mpango wa siku saba

Siku ya 1: Fikeni Mombo mapema, mpande Lushoto siku hiyohiyo kupitia Soni. Msilale bondeni kama si lazima.

Siku ya 2: Zungukeni Lushoto, kisha tembeeni kwa miguu mpaka Irente. Msikaribie ukingo wa jabali kwa ajili ya picha. Mwamba haujui kama wewe ni bingwa wa shule.

Siku ya 3: Msitu wa Magamba. Ni hifadhi, kwa hiyo chukueni kibali na mwongozaji.

Siku ya 4: Pitieni Lukozi mpaka Mtae, kijiji kilicho juu ya mgongo wa mlima. Chini yake mtaona nyika ya Mkomazi.

Siku ya 5: Mlalo.

Siku ya 6: Rudini Soni, mwende Bumbuli.

Siku ya 7: Teremkeni Mombo asubuhi, mpande basi la nyumbani mchana.

Umeona ujanja wa mpango huu? Usiku wote sita mko juu. Bondeni mnapita mchana tu, wakati mbu wa malaria kwa kawaida hawaumi. Hata hivyo chandarua chenye dawa kiwe kwenye begi. Gari likiharibika Mombo saa moja usiku, mtakishukuru.

Miezi ya Machi hadi Mei ni ya mvua za masika. Barabara huteleza na udongo huweza kuporomoka. Juni na Julai ni kukavu zaidi lakini baridi ya usiku haina mchezo. Beba sweta na soksi.

Njiani

Kona za Soni huwapindua matumbo hata vijana wanaojiita ngangari. Kula kidogo kabla ya kupanda, kaa viti vya mbele, tazama mbali barabarani. Usisome. Beba mfuko mgumu, usimtapikie jirani.

Dereva akikimbiza gari kwenye kona, semeni! Siyo utovu wa adabu: "Kaka, tunaomba upunguze mwendo." Gari likiwa limejaa kupita kiasi, subirini lingine. Kwenye bodaboda, vaa kofia ngumu, na mpande abiria mmoja tu.

Maji ya kijito cha mlimani ni baridi na yanang'aa, lakini juu yake kuna mashamba, ng'ombe na watu. Chemsheni au wekeni dawa. Peasi na plamu za Lushoto ni tamu mno. Zioshe kwa maji safi kwanza.

Jambo lingine: kuanzia mwaka 1980 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya ya Lushoto ilipata milipuko ya tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya. Tauni hutibika ukiwahi hospitali. Usiguse panya aliyekufa, na ulale kitandani badala ya sakafuni.

Uamuzi usiuache nyumbani

Ukiwa mbali na wazazi, kuna atakayekwambia, "Hapa hakuna anayetuona." Kumbuka: mwili ni wako hapa na nyumbani pia. Hapana ni hapana, hata kama amekulipia nauli au chipsi. Wasichana na wavulana mlale vyumba tofauti, na msichana asiachwe atembee peke yake usiku. Dada, beba pedi za kutosha. Vijijini huenda usizipate dukani.

Kabla ya kuondoka, waachieni wazazi majina yenu, namba za simu na ratiba ya kila siku. Mmoja atunze akiba ya dharura ambayo haiguswi kwa soda. Lushoto kuna hospitali ya wilaya, na Bumbuli pia kuna hospitali. Anayetumia dawa kila siku, kama mwenye pumu, abebe za wiki nzima na ziada.

Siku ya nane na kuendelea

Watu wengi husahau hapa. Ukiumwa na mbu mwenye malaria leo, homa haianzi kesho. Mara nyingi huanza baada ya siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Yaani safari imeisha, nguo zimefuliwa, uko darasani unasikia baridi na kichwa kinagonga. Unasema, "Uchovu tu." Hapana! Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya safari, nenda kapime siku hiyohiyo. Mwambie mganga: "Nilisafiri, nilipita Mombo." Sentensi hiyo fupi inamsaidia asidhani ni mafua. Ukikutwa na malaria, maliza dozi yote ya dawa mseto, hata ukijisikia poa siku ya pili.

Sasa kaeni chini na kalamu na karatasi. Andikeni siku saba, na mbele ya kila siku andikeni mahali pa kulala. Chini kabisa ongezeni mstari mmoja: "Mwezi mmoja baadaye: tujuliane hali." Safari njema!