Gia boksi ya Kenta imefungwa upya lakini gia zinagoma? Kagua haya kabla ya kupakia mzigo

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu. Nyanya ikishaiva haisubiri, na wengi ninaowahudumia sasa mna Kenta za mkono wa pili za kupeleka matenga sokoni. Gia boksi inaanza kusumbua, inafunguliwa, inabadilishwa beringi na sinkronaiza (zile ringi za shaba zinazolainisha kuingia kwa gia), inarudishwa, halafu gia zinagoma. Fundi anakwambia, "Itajizoesha ukitembea." Hapo ndipo pa kusimama.

Anayetoka Ilula kwenda Dar es Salaam lazima ashuke Kitonga. Lori lenye mzigo linashuka pale likiwa limeshikwa na injini kupitia gia. Gia ikiruka, unabaki na breki peke yake, na breki zikichemka sana zinaacha kushika. Kwa hiyo boksi iliyofungwa vibaya siyo usumbufu tu, ni suala la roho.

Kanuni ni moja: bolti kazi yake ni kushikilia kitu kilichokwisha kukaa mahali pake. Haiwekwi ili ikivute kiingie. Ukimwona fundi anakaza bolti ili nafasi ijifunge, mwambie asimame kwanza.

1. Boksi haifungi, imebaki nafasi

Kuna kitu hakijakaa. Anzeni na beringi ndogo iliyo kati ya shafti inayotoka kwenye klachi na pua ya shafti kuu. Roli zake huanguka kirahisi wakati wa kufunga, ndiyo maana mafundi wazuri huzishikilia kwa grisi. Kisha angalieni sirklipu kama zimeingia zote kwenye mifereji yake, na kama foki za gia zimekaa ndani ya slivu zake.

2. Imefungwa, lakini shafti haizunguki

Weka fri, zungusha shafti ya mbele kwa mkono. Ikiwa ngumu kabisa, huenda gia mbili zimeingia kwa wakati mmoja. Kati ya reli za foki kuna pini ndogo zinazozuia jambo hilo, na kuna goroli na springi zinazoshikilia gia isitoke. Ni vitu vidogo, vinabaki kwenye beseni la kuoshea bila mtu kujua. Vihesabuni vikitoka, vihesabuni vikirudi.

Ikiwa inazunguka kwa uzito, tazameni zile shimu nyembamba za nyuma ya beringi. Zikizidi, beringi za koni zinabanwa na zitachemka barabarani. Zikipungua, shafti inacheza mbele na nyuma. Kipimo kiko kwenye kitabu cha boksi yenyewe, si cha kukadiria kwa macho.

3. Gia inaingia nusu, au inaruka

Slivu na habu yake nyingi zina upande wa mbele na wa nyuma. Zikigeuzwa, gia haishiki meno yote. Msimu uliopita kijana mmoja aliambiwa gia yake ya tatu itajizoesha. Nikamshauri boksi ishushwe tena, na kweli slivu ilikuwa imegeuzwa. Ilimgharimu siku moja na pesa ya kukodi gari lingine, lakini Kitonga alishuka salama. Ndiyo maana nasema: pigeni picha kwa simu kila kipande kabla hakijatolewa, na wekeni alama upande wa mbele.

Sababu nyingine ni foki iliyopinda au kulika, springi ya goroli iliyosahauliwa, na sinkronaiza iliyokwisha. Sukuma ringi kwenye koni ya gia, kisha pima kwa fila geji nafasi iliyobaki kati yake na meno ya gia. Ikiwa chini ya kipimo cha kitabu, ringi imekwisha hata kama inang'aa.

4. Boksi haikai kwenye injini

Hapa ndipo vitu vingi huvunjika. Pleti ya klachi isipokuwa katikati, shafti haipiti. Ukikaza bolti, unaharibu kitovu cha pleti au unapasua masikio ya boksi. Fungueni tena, muiweke pleti katikati kwa shafti ya zamani au kifaa chake. Hakikisheni pia pleti haijageuzwa: ikigeuka, kitovu chake kinaweza kusugua bolti za flaiwili na klachi isiachie.

5. Ni boksi au ni klachi?

Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia zote. Zikiingia laini, halafu injini ikiwaka zinakwaruza hata kama umekanyaga klachi mpaka chini, shaka ya kwanza ni klachi haiachii. Toeni hewa kwenye mfumo wa mafuta ya klachi na kagueni pleti kabla ya kushusha boksi tena. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, fuatilieni boksi na viungo vya gia liva.

Sikilizeni na sauti. Ikiwa fri inalia, ukikanyaga klachi inanyamaza, shaka iko kwenye beringi za shafti ya mbele au ya chini. Ikianza kulia unapokanyaga klachi, tazama beringi ya klachi yenyewe.

6. Mtihani wa mezani kabla ya kumlipa fundi

Boksi ikiwa bado mezani, ingiza gia moja moja na uzungushe shafti ya mbele kwa mkono:

- Gia ya kwanza: ya mbele inazunguka mara kadhaa ndipo ya nyuma imalize mzunguko mmoja.
- Gia ya moja kwa moja (kwa boksi nyingi za gia tano ni ya nne): zote zinazunguka sawa.
- Rivasi: ya nyuma inageuza mwelekeo.
- Fri: ukiishika ya nyuma kwa mkono, ya mbele bado inazunguka.

Gia moja ikifeli hapa, haitapona barabarani.

Mwisho ni oili. Sinkronaiza nyingi za shaba hutaka GL-4, na baadhi ya oili za GL-5 zinaweza kula shaba, kwa hiyo soma kitabu kabla ya kununua. Gari likiwa sehemu tambarare, jaza mpaka oili ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Safisha na tundu la kupumulia, maana likiziba, presha inasukuma oili itoke kwenye sili mpya.

Safari ya kwanza iwe bila mzigo, kwenye mlima mdogo. Panda, shuka, achia mafuta ghafla katika kila gia uone kama kuna inayoruka. Ikiruka hata mara moja, rudi gereji. Bora kukodi gari siku hiyo, matenga yatangulie, wewe ubaki na Kenta yako mpaka ikae sawa.